Mama Mwenye Punje ya Haradali



Mwezi huu najibu swali moja tu, nalo limetoka kwa mama mmoja wa Kyimo, hapa hapa Rungwe. Binti yake ni muuguzi Dar es Salaam, na amepanga jirani na familia moja kutoka Sri Lanka. Familia hiyo imefiwa na mtoto wa miezi minane. Binti alikwenda msibani kama alivyolelewa huku kwetu, akakuta watawa wa kiume wenye mavazi ya rangi ya machungwa wakiimba kwa lugha asiyoijua, na mama wa marehemu ameketi kimya. Usiku akampigia simu mama yake: “Mama, hawa watu hawakumtaja Mungu hata mara moja. Sasa huyu mtoto wanasema amekwenda wapi? Na mimi nimwambie nini huyu mama?” Mama wa Kyimo akaniletea maswali hayo, akaongeza la kwake: je, binti yangu akiendelea kukaa na watu hao, hatapotea?

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Hao ni Wabuddha. Wengi wetu tukiona sura ya Kiasia tunasema Mhindi, na tukiona sanamu tunasema ni dini ya Wahindi, basi tumemaliza. Sivyo. Wahindu wana miungu wanayoiabudu. Wabuddha ni watu wengine, wenye mafundisho mengine. Katika nchi yetu ni wachache sana, lakini si wageni wa jana. Watu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 kinaitwa Sri Lanka, walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20. Walijenga hekalu lao Upanga, na uwanjani wakapanda mti ulioletwa kutoka kwao, wa jamii moja na mkuyu. Hekalu hilo lipo hadi leo, na watawa wake ndio huitwa kunapotokea msiba.

Wanauheshimu mti huo kwa sababu wanaamini mwalimu wao alipata nuru akiwa ameketi chini ya mti wa namna hiyo. “Buddha” si jina la mtu, ni cheo. Maana yake ni aliyeamka. Mwenyewe aliitwa Siddhartha Gautama, mzaliwa wa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepal, yapata karne tano kabla ya Kristo. Wafuasi wake husimulia kwamba mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kumzaa, naye akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Akakua katika starehe, akaoa. Mkewe Yasodhara alipomzaa mtoto wa kiume, Rahula, baba huyo aliondoka nyumbani usiku, akawaacha wamelala, akaenda kutafuta dawa ya uzee, ugonjwa na kifo.

Najua hapo mmeguna. Hata mimi niliposoma niliguna. Lakini tusimwache hapo, maana miaka baadaye Mahapajapati alimfuata kwa miguu, yeye na wanawake wengi, akiomba wakubaliwe kuwa watawa. Inasimuliwa kwamba Buddha alikataa mara tatu, kisha akakubali. Kwa hiyo mtawa wa kwanza wa kike katika dini hiyo ni mama aliyemlea mtoto wa dada yake.

Alichofundisha kwa kifupi ni hiki: maisha yamejaa mateso, mateso yanatokana na tamaa na kung’ang’ania mambo yapitayo, mateso hayo yanaweza kukoma, na ipo njia ya kuyakomesha. Muumini wa kawaida huahidi kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa kileo. Mama wa Kiwira angeweza kumfundisha mwanawe hayo yote bila kubadilisha hata moja.

Sasa swali la binti kuhusu Mungu. Hakusikia akitajwa kwa sababu Wabuddha hawafundishi kwamba yuko Muumba aliyeufanya ulimwengu na anayeutawala. Wanaamini wako viumbe wa mbinguni, lakini nao hufa kama sisi, ila huchelewa. Buddha naye si Mungu kwao. Maua na taa wanavyoweka mbele ya sanamu yake ni kumkumbuka na kumheshimu mwalimu, ingawa katika nchi nyingi watu wa kawaida humwomba msaada pia, na huko China na Japani wako mamilioni wanaomwita Buddha mmoja wa mbinguni, Amitabha, ili awapokee wakifa. Tusiwasemee basi kwamba wanamwabudu yule aliyezaliwa Lumbini kama sisi tunavyomwabudu Bwana. Mtu asingiziwe asiloliamini, hata kama hatukubaliani na analoliamini.

Kuhusu maswali makubwa ya mwanzo na mwisho wa dunia, Buddha alitoa mfano. Mtu amechomwa mshale wenye sumu. Ndugu wanamletea mganga auchomoe, naye anasema, “La, usiuguse mpaka nijue aliyenipiga ni nani, ni wa ukoo gani, ni mrefu au mfupi, na upinde wake ni wa mti gani.” Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Yaani, achana na maswali, chomoa mshale.

Mfano huu una nguvu, na sisi tunaopenda kubishana juu ya mambo ya mbinguni huku jirani analala njaa ungetufaa. Hata hivyo naona una pengo, na pengo lenyewe mama hulijua upesi kuliko mwanazuoni. Mama anayezika mtoto hataki tu maumivu yamtoke. Anataka kuna Mtu wa kumwambia. Anataka kuuliza “kwa nini?” na awepo wa kuulizwa, hata kama jibu halitakuja leo. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na hakuna mahali Mungu alipomfukuza mliaji kwa sababu amelia kwa sauti mno. Hii ndiyo tofauti ya kwanza, nayo ni kubwa: Mbuddha hufundishwa kuutuliza moyo wake, Mkristo hufundishwa kuumimina mbele ya Baba.

Sisi wa Rungwe hatuna haki ya kushangaa sana kwamba watu wanatofautiana juu ya Mungu. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Berlin mwaka huo huo, walitafuta neno la Kinyakyusa la kumwita Mungu wakachagua Kyala. Leo tunaliimba bila kufikiri. Lakini wazee wa zamani walimjua Kyala kama shujaa wa kale, mwenye pango lake kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kama Lwembe alivyokuwa na msitu wake Lubaga. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kwamba wazee waliomsimulia walimweka Kyala chini pamoja na waliokufa, na Wakristo ndio waliosema yuko juu. Jina lilikuwapo, Injili ikalijaza maana mpya. Kwa Mbuddha kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu hata chombo cha kumiminia hakipo. Ukimwambia “Mungu anakupenda,” huenda akasikia tu habari za kiumbe mmoja wa mbinguni ambaye naye ipo siku atakufa.

Tuje kwa mtoto. Amekwenda wapi?

Wabuddha wanafundisha kwamba mtu akifa huzaliwa tena mahali pengine, akiwa mtu, mnyama au kiumbe wa mbinguni au wa mateso, kwa kadiri ya matendo yake. Matendo hayo na matunda yake huitwa karma. Lakini hawasemi kwamba roho ile ile inahama kama mpangaji anayehamia chumba kingine. Wanasema hakuna roho ya kudumu. Ni kama kuwasha kibatari kwa moto wa kibatari kingine: moto wa pili umetokana na wa kwanza, lakini huwezi kusema ni ule ule, wala huwezi kusema ni mwingine kabisa.

Na kuzaliwa tena si habari njema kwao. Wapo watu mjini, hata waendao kanisani, wanaosema “labda nitazaliwa tena” kama mtu anayengoja zawadi. Mbuddha angewashangaa. Kwake ni kurudi tena kwenye uchungu, uzee na msiba, safari baada ya safari. Tumaini lake ni siku moja kutoka katika mzunguko huo. Hali hiyo huitwa nirvana, neno lenye maana ya kuzimika, kama moto uliokosa kuni. Moto unaozimika ni wa tamaa, chuki na ujinga.

Hapo tuwe waangalifu na lugha yetu wenyewe. Sisi tunasema “nimezaliwa mara ya pili,” naye jirani anasikia jambo jingine kabisa. Hata Nikodemo, katika Yohana sura ya 3, alichanganyikiwa akauliza kama mtu mzima anaweza kuingia tena tumboni mwa mama yake. Bwana alikuwa anasema habari za Roho wa Mungu kumfanya mtu mpya katika maisha haya haya. Kuhusu kufa, Waebrania 9:27 inasema ni mara moja, kisha hukumu. Na tumaini letu si kuzimika, bali kufufuliwa, mwili na yote, kama Paulo anavyoeleza katika 1 Wakorintho 15. Yule yule unayemjua kwa jina ndiye atakayeamshwa.

Ninyi mliowahi kupoteza mtoto mtaelewa uzito wa tofauti hiyo. Daudi alipofiwa na mtoto mchanga, katika 2 Samweli 12, alisema mtoto hatarudi kwake, bali yeye ndiye atakayemfuata mtoto. Mtoto yupo wa kufuatwa.

Lakini nataka tukae kidogo na simulizi moja ambayo mama yule wa Sri Lanka bila shaka anaijua tangu utoto wake. Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Kisa Gotami, katika mji wa Savatthi huko India. Mtoto wake wa pekee, aliyekuwa anaanza tu kutembea, akafariki. Mama akakataa kuamini. Akambeba kiunoni nyumba hadi nyumba akiomba dawa, watu wakamcheka. Mtu mmoja mwenye busara akamwelekeza kwa Buddha. Buddha akasema, “Niletee punje ya haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu.” Akakimbia kwa furaha. Kila nyumba ilikuwa na haradali, na kila nyumba, alipouliza, ilikuwa na marehemu: hapa baba, pale binti, pale mume. Jioni ilipofika alikuwa ameelewa. Akampeleka mtoto mahali pa wafu, akamweka chini, akarudi kwa Buddha, akawa mtawa.

Sijui kama nimesoma simulizi nyingine ya kale inayomjua mama aliyefiwa namna hii. Isome ukiwa Rungwe. Nyumba ipi, kuanzia Katumba hadi Masoko, haina kaburi kwenye migomba? Kisa Gotami angetembea kwetu tangu alfajiri hadi jioni na asingepata hata punje moja. Na ona kwamba Buddha hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha atembee. Akajua hayuko peke yake.

Sasa fungua Luka 7, mstari wa 11. Hapa pia kuna mama na mtoto wa pekee, tena mama ni mjane. Watu wanambeba kijana kutoka nje ya lango la Naini. Yesu hamtumi popote. Hamwambii atazame nyumba za wengine. Anamwonea huruma, anamwambia asilie, na halafu anafanya jambo ambalo Myahudi mwenye kuogopa unajisi asingelifanya: anagusa jeneza. Waliolibeba wanasimama. Kijana anaketi, anaanza kusema, naye Yesu anampa mama yake.

Mama wa kwanza alifundishwa kwamba kifo ni cha wote, basi auachilie mkono wa mtoto. Mama wa pili alikutana na Mtu aliyekizuia kifo njiani na kuurudisha mkono wa mtoto katika mkono wake. Kwa mmoja, kifo ni sheria ya ulimwengu ambayo mwenye hekima huikubali. Kwa mwingine ni adui, na adui huyo ana siku yake ya mwisho. Tofauti zote nyingine, nadhani, zinatoka hapo.

Najua atakayeniuliza, maana yupo katika kila kikundi cha akina mama: “Mbona wa kwangu hakurudishwa? Nilifunga, niliomba, na bado tukamfunika udongo mvua inanyesha.” Mama, sitakujibu kwa haraka. Nitakukumbusha tu kwamba hata kijana wa Naini alikuja kufa tena, na labda mama yake alikuwa ametangulia. Bwana hakufuta vifo vyote vya Galilaya siku ile. Alionyesha ni upande upi anaosimama penye jeneza. Kisha yeye mwenyewe akazikwa, na siku ya tatu kaburi likawa tupu, na imani yetu yote imewekwa juu ya asubuhi hiyo. Kama haikutokea, Paulo mwenyewe anasema tunahurumiwa kuliko watu wote. Haradali ya Bwana, katika Mathayo 17, ni ya imani ndogo kama hiyo, wala haijatafutwa katika nyumba isiyo na msiba.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwa binti, nalo ni gumu. Karma huleta swali: mtoto akizaliwa kiwete, au akifa mchanga, alitenda nini maisha ya nyuma? Walimu wao husema si kila ugonjwa ni matunda ya karma, na ni vema tujue hivyo. Hata hivyo wako akina mama huko Asia wanaotazamwa hivyo. Je, kwetu? Kwetu mtoto akifa tunamtafuta mchawi, au tunanong’ona kwamba mama aliwakosea wazee, na wazee wetu waliamini pumzi ya majirani waliokasirika inaweza kumwangusha mtu. Mlokole naye anauliza ni dhambi gani iliyojificha. Jina la kosa linabadilika, kidole kinamwelekea mama yule yule. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Kwa hiyo tusimcheke Mbuddha kwa jambo ambalo tunalifanya wenyewe chini ya mgomba.

Sasa binti. Mama wa Kyimo, mtoto wako hajapotea. Alipokwenda kwenye msiba alifanya ulichomfundisha. Mpigie, usimgombeze. Muulize kama kile kimya kilimvutia, maana huenda kilimvutia kweli. Sisi tunalia kwa kelele, na kazi ya wodini inachosha moyo. Kama anataka kukaa kimya kila asubuhi, akae, na akae mbele za Mungu akiwa na Zaburi mkononi. Akialikwa kujifunza njia ya kuzima tamaa zote, ajue kwamba upendo wake kwako na kwa watoto atakaowazaa hauhesabiwi na Bwana kuwa ugonjwa.

Na huyo jirani asimhubirie sasa. Aende tena. Watu wa Sri Lanka hukumbuka marehemu siku ya saba, kisha miezi mitatu, kisha mwaka, kama sisi tulivyo na matanga na arobaini. Siku hizo hulisha watawa chakula, na jamaa humimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mpaka yafurike, kuonyesha wanamgawia marehemu thawabu ya wema waliotenda. Wazee wetu nao waliwamiminia wafu waliowaita abasyuka. Monica Wilson anasimulia kwamba kwanza walikisihi kivuli cha marehemu kiondoke, kisha baada ya siku kadhaa wakakikaribisha nyumbani kiote moto jikoni. Kumwachilia mpendwa ni kazi ngumu kwa kila kabila. Maji yakimiminwa, binti yako akae tu kwa heshima; si lazima ashike chombo, na hakuna atakayemlazimisha. Amwombee mama huyo moyoni. Siku mama atakapomuuliza, “Na ninyi, mnasema mtoto wangu yuko wapi?” ndipo amweleze habari za Naini, polepole, kwa maneno yake mwenyewe. Ataulizwa. Akina mama wote huuliza.

Akienda ile siku ya miezi mitatu, abebe chakula. Watawa wale hawali baada ya adhuhuri, kwa hiyo kama utamtumia ndizi za Tukuyu kwa basi la usiku, mwambie azipeleke kabla ya saa sita mchana.